Mfereji Nyuma ya Nyumba Yetu

Mwanangu Mwansa,

Mama yako amekwenda sokoni, wewe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya, na nyumba imetulia kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Nimekaa mezani, mlango wazi, nikuandikie kabla hamjarudi. Kesho kamyo itakupeleka Kolwezi kwa mume wako Donat, na mbele ya watu nitajifanya nina kazi ya kufunga mizigo kwa kamba. Sitasema lolote la maana. Unanijua.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile tulichofundishwa misioni, ambacho wewe na ndugu zako mnanichekea. Kile cha nyumbani nakisema vizuri, lakini mkono wangu haujui kukiandika.

Mambo ya sanduku, ya dawa za malaria, ya kuwasalimu wakwe kwa adabu, mama yako amekwisha kukuambia, na nadhani mara tatu. Mimi nataka kukuambia kuhusu nyumba. Donat aliniambia kwa furaha kwamba mmenunua nyumba ya mzee mmoja aliyestaafu, nyumba ya kambi, katika safu, yenye vyumba viwili na bomba la maji mnalochangia na majirani. Akasema, "Papa, sasa ni yetu, hatutasumbuliwa na muntu tena." Nilitabasamu. Maneno hayohayo niliyasema mimi, na yaliniletea aibu ambayo wewe unaijua nusu yake. Leo nataka uijue yote.

Hukuiona Shituru ya zamani, kambi yetu hii ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, kwa macho ya mtu mzima. Wakati ule nyumba zote za kambi zilikuwa za kampuni, na sisi tulikaa tu. Taa ikiungua, mama wa nyumba alikwenda ofisi ya kambi, karani akaandika kikaratasi, na kabla ya wiki kwisha fundi alikuja na taa mpya. Bati likitoboka, kikaratasi. Choo kikiziba, kikaratasi. Kuta zilipakwa chokaa bila sisi kuomba. Na fundi wa mabomba katika kambi yetu nilikuwa mimi. Kwa miaka kumi na minane nilipita nyumba hizo na mkoba wangu wa vifaa, nikijua kila bomba linapita wapi chini ya ardhi. Watu waliniita "Papa Mayi", yaani Baba Maji. Nilipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Kisha ikaja miaka ile ya mishahara kukatika. Kwanza mshahara ulichelewa mwezi, kisha miezi mitatu, kisha tukaacha kuuulizia. Unga wa kampuni haukuja tena. Duka la kambi lilibaki rafu tupu na mlinzi aliyelinda rafu. Siku moja tukaitwa ofisini, tukaambiwa kwamba kwa kuwa kampuni haina cha kutupa, kila mfanyakazi wa siku nyingi atapewa karatasi ya nyumba anayokaa. Nchi ilikuwa haijabadili jina bado. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Unakumbuka tulivyocheza ngoma? Mama yako alifunga kitenge chake cha ibada ingawa haikuwa Jumapili. Mimi nilipiga ukuta wa sebule kwa kiganja nikasema, "Hii ni yangu." Niliona kama nimemaliza jambo. Kumbe ofisi ya kambi ilifungwa wiki hiyohiyo, karani akaondoka na kalamu yake, na hakukuwa tena na mtu wa kumpelekea kikaratasi.

Mvua za kwanza zilipokuja, bati la chumba chenu likaanza kuvuja. Ungedhani fundi kama mimi angepanda juu siku hiyohiyo. Msumari mmoja na kidonge cha lami vingetosha. Sikupanda. Niliweka beseni chini ya tone, nikakaa nalo msimu mzima, nikawaambia hakuna lami mjini. Lami ilikuwepo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupanda, na jibu si uvivu. Kupanda juu ya lile paa kungekuwa kukubali kwamba hakuna mtu anayekuja. Mtu aliyelipwa kwa miaka mingi kutengeneza nyumba za wengine anaona kama anatukanwa akitengeneza ya kwake bure, kwa msumari wake mwenyewe. Nilikuwa na hasira na kampuni, na nikaimwagia nyumba hasira hiyo, na ninyi mlikuwa ndani yake.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa ni hili.

Safu yetu ina nyumba nne. Yetu ni ya juu kabisa, ya pili ni ya Mama Adolphine, ya tatu ya Papa Shabani mwenye duka, ya nne ya Papa Ilunga na mke wake Mama Véro. Nyumba zote nne zina bomba moja la maji machafu, linaloanza kwetu na kushuka hadi shimo lililo chini ya nyumba ya Papa Ilunga. Zamani gari la kampuni lilikuja kunyonya shimo hilo. Sasa lilikuwa letu, kama nyumba zilivyokuwa zetu, ila hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Aliyeliona kwanza ni Mama Adolphine. Unamjua alivyo. Mume wake, dereva, alikufa barabarani, naye akabaki na watoto watatu na biashara ya samaki aliokuwa akiwanunua kwenye ziwa la Tshangalele na kuwakausha kwenye jiko lake la matofali ya udongo, nyuma ya nyumba. Alituita sote barazani kwake, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba kila nyumba itoe kitu kidogo kila mwezi, kwa ajili ya shimo, bomba na mtu wa kusafisha mfereji wa mvua. Asiye na pesa alete unga, asiye na unga alete mikono.

Papa Shabani alikubali hapohapo. Papa Ilunga aliguna, akakubali. Mimi nikasimama.

"Minye niko nyumba ya kwanza," nikasema. "Mayi yangu inashuka, haipande. Shimo ikijaa, itajaa kwenu. Juu ya nini nilipe?"

"Papa Mayi," Mama Adolphine akasema, "bomba iko moja."

"Bomba iko moja, lakini nyumba iko yangu."

Nikatoka. Nilijisikia mwerevu, Mwansa. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama yako huku nikicheka, naye hakucheka. Wao watatu wakaendelea bila sisi. Shimo likanyonywa kwa jasho lao, na maji yetu yakapita humo pamoja na yao.

Miezi michache baadaye bomba likaziba. Liliziba palepale kati ya nyumba yetu na ya Mama Adolphine, kwa mizizi ya miti. Nyumba zao hazikuona shida yoyote. Maji ya kufulia na ya kuogea yalirudi kwetu, yakajaa bafuni. Nililijua tatizo kabla sijafungua mkoba: vipande viwili vya bomba vilipaswa kutolewa na kuwekwa vingine, na kwa kazi hiyo ningehitaji kuchimba katika ua wa Mama Adolphine na kuomba mchango wa safu. Yaani ningehitaji kurudi kwenye baraza ile nilikotoka nikiwa mwerevu.

Nikachukua jembe, nikachimba mfereji mwembamba nyuma ya nyumba yetu, nikautoboa ukuta wa bafu, maji yakatoka nje. Niliufunika kwa mabati ya zamani. Maji yalishuka yenyewe, na sikufuata kuona yanaishia wapi. Hapana, ngoja nisikudanganye tena. Nilijua yanaishia wapi. Mimi ndiye niliyejua mteremko wa kambi ile kuliko mtu yeyote.

Wewe uliyafuata. Ulikuwa ukimpelekea binti wa Mama Adolphine daftari, ukarudi, ukasimama mlangoni nikila. Ukasema, "Papa, mayi yetu inaenda ku jiko ya Mama Adolphine. Chini ya ukuta kuko kunalowana."

Nikakuambia, "Wacha maneno ya bakubwa." Ukarudia tena, polepole, kama mtu anayedhani hakusikika. Nikapiga meza.

Wiki tatu baadaye mvua kubwa zilinyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu jua likatoka, na Mama Adolphine akaingia jikoni kugeuza samaki. Tulisikia kishindo kama cha gunia kuangushwa kutoka kwenye kamyo, kisha sauti yake. Nilikimbia nikafika wa kwanza. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala juu yake kutoka kiunoni kwenda chini, samaki wametawanyika kila mahali, na moshi. Papa Shabani alikuja na kanzu yake ameikunja kiunoni, tukainua matofali kwa mikono. Yalikuwa yamelowa hadi ndani, yanamegeka kama mkate. Na yalinuka sabuni. Yalinuka sabuni ya mama yako, ile anayotia majani ya limau.

Mguu wake ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Tulimbeba juu ya mlango hadi hospitali. Njiani watu waliuliza, na Papa Ilunga akajibu, "Ni mvua njo iliangusha ukuta." Nami nikasema, "Ndiyo, mvua."

Ulikuwa umesimama kando ya njia na mdogo wako mgongoni. Ulinitazama. Ningependa ungesema.

Jioni ile nilifukia mfereji. Nilisema nasawazisha ua.

Yaliyofuata unayakumbuka kwa upande wako. Mama Adolphine alirudi nyumbani na mguu kwenye plasta, hawezi kwenda ziwani, hana jiko, hana samaki. Watoto wake walikula kwetu. Mama yako alipika zaidi ingawa hatukuwa na zaidi, na wewe ulibeba sahani ya bukari, ule ugali wa mama yako, kuipeleka kwake kila siku saa sita. Majirani walitusifu. Mchungaji alitutaja kanisani, akasema familia hii imeonyesha upendo. Nilitazama viatu vyangu ibada nzima. Mwanangu, hakuna mzigo mzito kama kusifiwa kwa kitu unachokifanya ili usigundulike.

Kisha ikaja siku ile. Mama yako alikuwa amekupa sahani, ukaitazama, ukaja ukaiweka mezani mbele yangu.

"Papa, upeleke weye mwenyewe."

Niliinuka. Mkono wangu ulikuwa tayari juu. Wewe hukurudi nyuma hata hatua moja, ulifumba macho tu ukangoja. Sijui nilisimama hivyo muda gani. Nilishusha mkono, nikachukua sahani, nikaenda.

Hukuwahi kuniuliza nilisema nini kule. Nilimkuta amekaa kitandani, mguu juu ya mto, anachambua maharage. Nikaweka sahani. Nikasema, "Mama Adolphine, ile mayi ilikuwa yangu." Nikamweleza yote, bomba, mizizi, mfereji, namna nilivyoufukia. Hakuacha kuchambua maharage.

"Ninajua," akasema. "Ninajua tangu siku ya kwanza. Mayi ya mvua hainukake sabuni."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangojea weye mwenyewe ukuje. Kama ningesema minye, ungekatala, na tungekuwa na vita mpaka kufa. Niko na batoto. Banacheza na ba kwako."

Nililia pale, Mwansa. Mama yako hajui. Yeye aliniacha nilie, kisha akasema, "Basi, utafanya nini?"

Nikasema nitamjengea jiko jipya, la matofali ya kuchoma, na msingi wa mawe.

"Jiko utajenga, ile iko mambo yako," akasema. "Lakini nani sasa atazunguka ku milango juu ya muchango? Minye siko na mguu."

Sikuelewa mara moja. Alinieleza kwamba kila mwezi ni yeye aliyekwenda mlango kwa mlango, akasubiri, akaambiwa rudi kesho, akarudi kesho. Kazi hiyo sasa ni yangu. Na bomba litengenezwe, na nianze kwa kuwaambia wenzetu ukweli, kwa kinywa changu.

Nimewahi kuingia ndani ya mitaro ya kinyesi hadi kiunoni, kwa kazi. Haikuwa ngumu kama kubisha ule mlango wa Papa Ilunga. Mama Véro alifungua, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akapaza sauti safu nzima isikie. "Weye ulikatala! Ulisema mayi yako haipande! Leo unakuja kuomba nini?" Nikasema, "Mama, uko na haki." Akafunga mlango. Nilibaki nimesimama, sijui niende au nikae. Baada ya kitambo akafungua tena, akanipa bakuli la unga, bila kunitazama usoni.

Papa Shabani alinipokea kwa namna ya watu wa kwao Maniema. "Karibu, ndugu yangu. Kaa kwanza, unywe chai." Nikamwambia ukweli kabla ya chai kuletwa, nikiogopa nitashindwa baadaye. Akasema, "Umesema mwenyewe, basi. Jumamosi nitafunga duka, nije na beleshi."

Wewe ulidhani baiskeli yangu niliiuza kwa ajili ya chakula. Niliiuza kununua vipande viwili vya bomba. Jumamosi ile tulichimba wote, wanaume watatu, na Mama Adolphine amekaa kwenye kiti mlangoni akituelekeza kama mkuu wa kambi. Tulipotoa bomba la zamani, mizizi ndani yake ilikuwa imejaa kama nywele. Papa Ilunga akaichukua mkononi, akacheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitaendelea kuishi katika safu hii.

Jiko nililijenga kwa miezi minne, matofali machache kila wiki. Mguu wake haukupona sawasawa. Anachechemea hadi leo, unamwona. Hilo sikuweza kulijenga.

Sasa nakuja kwenu. Nyumba mliyonunua, Mwansa, itaomba tena na tena. Itaomba msumari, chokaa, kitasa, kioo. Itaomba zaidi pale msipokuwa na kitu, kwa sababu mvua haiangalii mshahara. Msikasirike nayo, haiwadai kwa ubaya. Donat akisema paa linaweza kungoja, mwambie apande tu akaangalie. Kuangalia hakuhitaji pesa, na akishafika juu atatengeneza. Mimi, kupanda ndiko nilikokuogopa.

Na atakuja mtu mlangoni kwenu, labda mama fulani mwenye daftari, kuomba mchango wa bomba la maji mnalotumia pamoja. Siku nyingine mtakuwa nao, siku nyingine hamtakuwa nao. Siku msiyokuwa nao, msizime redio na kujifanya hamko. Fungua, umwambie hakuna. Mwulize kama kuna kazi ya mikono. Sisi tumepitisha mwaka mzima tukitoa mikono tu, na hakuna aliyetucheka. Na umpe kiti akae kidogo. Amesimama kwenye milango mingi kabla ya wenu. Nazunguka bado kila mwezi, kwa hiyo najua miguu inavyouma, na najua mlango gani una kiti.

Lakini si kwa ajili ya hayo nilianza kuandika. Nilitaka kukuomba msamaha, na nimezunguka kambi nzima kabla ya kufika. Uliniambia kweli ukiwa na miaka kumi na miwili, ukaniambia mara mbili, na mimi nikapiga meza. Tangu siku ile umekuwa mtoto mwema kwangu, mwenye adabu, na hujaniambia jambo lolote zito. Habari za Donat nilikuwa mtu wa mwisho kuzisikia katika nyumba hii. Ulipofeli mtihani ule, nilisikia kwa mwalimu. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba baba haambiwi.

Ulikuwa na haki, Mwansa. Maji yalikuwa yakienda kwake, wewe ukaona, ukasema. Kama ningeinuka siku ile nikakufuata, mama yule angekuwa anatembea vizuri. Nilipaswa kukuambia haya miaka sita iliyopita, na nimengoja hadi sanduku lako limefungwa.

Nasikia sauti ya mama yako njiani, anazungumza na mtu. Nitaitia barua hii ndani ya Biblia yako, mahali utakapoifungua ukiwa umeshafika, ili usilazimike kunijibu usoni.

Ukiniandikia, usinijaze habari kwamba kila kitu ni kizuri na kwamba mnanisalimu sana. Hizo nitajua ni adabu. Niandikie kitu kimoja kinachokusumbua, hata kidogo, hata kama kinanihusu mimi. Nitakisoma taratibu, nimekaa, nami nitakujibu.

Baba yako anayekupenda,
anayejifunza kukusikiliza.